Tsunami ya 2004: maji yalitumia masaa saba, habari haikufika

Ndugu zangu, tangu ile magharibi ya tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu Nyiragongo ilipopasuka, kila nikienda kwenye kartie kufundisha mambo ya majanga naulizwaka paka swali moja: hili ziwa letu linaweza kutuletea tsunami kama ile ya Asia? Ziwa Kivu hatari yake kubwa ni gesi iliyolala kule chini, hiyo nitaiandikia siku yake. Leo wacha niwaeleze ile ya Asia, ju iko na kitu inatuhusu sana.

Ilikuwa Jumapili 26 Desemba 2004, kule Sumatra, kisiwa cha Indonesia, inakaribia saa mbili za asubuhi, sisi hapa Goma ni saa tisa za usiku tumelala na uchovu wa Noeli. Chini ya bahari, bamba la India, kipande kikubwa cha ganda la dunia, linaingiaga polepole chini ya bamba jirani yake, sentimita chache kwa mwaka, lakini mabamba hayo mawili yalikuwa yamekwama, sasa lile la juu likavutwa likapinda miaka na miaka, siku hiyo likaachia. Mpasuko ulikimbia karibu kilomita 1,300, ni kama utoke Goma ufike Lubumbashi upitilize, kwa dakika kama kumi hivi, tetemeko la kipimo 9.1. Sakafu ya bahari ikanyanyuka mita kadhaa na maji yote yaliyo juu yake yakanyanyuka nayo. Wimbi la upepo linasukuma maji ya juujuu tu, tsunami ni bahari nzima inatembea, kwenye kina inaenda mwendo wa ndege na mvuvi hata hasikii kitu, ikikaribia pwani inapunguza mbio ndio inanyanyuka juu. Sehemu za Aceh, kaskazini mwa Sumatra, maji yalipita mita 30.

Sasa angalieni saa. Banda Aceh walikuwa na dakika kama ishirini. Sri Lanka na Thailand, kama masaa mawili. Somalia, masaa saba! Masaa saba mazima, na bado karibu watu 300 walikufa kule, wengi upande wa Hafun. Bahari ya Pasifiki ilikuwa na kituo cha kutoa tahadhari Hawaii tangu 1949, Bahari ya Hindi haikuwa nacho wakati ule. Hii inaniumizaga mpaka leo. Lakini kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na chanzo, kwa watu zaidi ya 70,000 walikufa 7 tu, ju tangu janga la 1907 wazee waliwaachia watoto neno moja, smong: ardhi ikitetemeka sana na bahari ikirudi nyuma, kimbia mlimani.

Jumla walikufa watu kama 230,000 kwenye nchi 14. Dunia ikachanga zaidi ya dola bilioni 13, lakini waliotolewa kwenye matope wazima wengi walitolewa na majirani, kabla ndege yoyote haijatua. Kisha makosa yakaingia. Maiti zilizikwa haraka kwenye mashimo ya pamoja kwa kuogopa magonjwa, wakati mtu aliyekufa maji haleti kipindupindu, na familia nyingi hazijui mpaka leo wapendwa wao wamelala wapi. Wavuvi waligawiwa mitumbwi midogo mingi, mingine mibovu, ju kila shirika lilitaka kugawa mitumbwi. Madaktari Wasio na Mipaka walifanya jambo ninaloliheshimu sana, siku chache tu wakawaambia wachangiaji inatosha, pesa ya tsunami msitume tena.

Tulipokimbilia Sake ile 2021 tulilala watu kumi na tisa kwa familia moja isiyotujua, wakatupa maji na maharagi. Lori ya msaada ilikuja siku ya nne na mablanketi, sisi tunalilia maji safi.

Juma lililopita kwenye mafunzo mama mmoja alisema yeye hajui kusoma, lakini ile magharibi alipoona mbingu nyekundu alikumbuka mlipuko wa 2002, akashika sufuria akaipiga na mwiko mpaka avenyu nzima ikatoka nje. Nimemuomba arudi Jumatano, yeye ndiye atafundisha.