Aliyefeli si lazima awe mvivu

Vibarazani Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Makorora, matokeo ya kidato cha nne yakitoka hukumu ni ile ile: aliyefaulu kajituma, aliyefeli mvivu. Imezoeleka mno, lakini si sahihi.

Mwaka 1966 wanasaikolojia Melvin Lerner na Carolyn Simmons walionyesha kuwa watu wakimwona asiye na kosa akiteseka, nao hawawezi kumsaidia, huelekea kumshushia hadhi. Kuamini kila mtu kapata anachostahili kunatuliza moyo. Mtoto ndiye anayelipa gharama.

Ipo imani nyingine, ya mwanafunzi kuona kwamba yeye mwenyewe hutendewa haki. Mwanasaikolojia Claudia Dalbert alizitenganisha imani hizi mbili, na hii ya pili ndiyo yenye uzito katika ari ya kusoma. Mawaidha hayaijengi, hujengwa siku daftari linaporudi.

Chukua swali la hesabu la alama 10: kanuni 2, kuingiza tarakimu 2, hatua za kukokotoa 4, jibu 2. Aliyeteleza kwenye jibu tu anastahili 8. Akipewa sifuri, anajifunza kwamba jasho lake halihesabiwi, na jaribio lijalo ataacha wazi. Kwa hiyo mwalimu aandike mgawanyo huo ubaoni mapema, arudishe karatasi ndani ya wiki, na akikosea kujumlisha arekebishe mbele ya mwanafunzi. Mzazi naye, kabla ya kugomba, afungue karatasi aulize: “Mwanangu, alama zimepotelea hatua gani?”