Shikamoo, Upo? Dhana Potofu Kuhusu Kuongoza Timu ya Mbali kwa Maandishi

Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa timu ya wafasiri saba wanaotia Kiswahili kwenye programu za simu. Watatu wako Dar es Salaam, mmoja Mombasa, mmoja Kigali, mmoja Muscat na mmoja Minneapolis, Marekani. Hatujawahi kukaa wote chumba kimoja, na wiki nyingi hata kwenye simu moja hatukutani. Mtu anaandika sasa, mwenzake anasoma na kujibu atakapoingia kazini; ndiyo mawasiliano yasiyo ya papo kwa papo. Nilianza na imani zangu kuhusu utaratibu huu, na nyingi zilikuwa mbovu. Bado nazisikia kwa wenzangu wanaopewa timu za namna hii.

Dhana: Kuingia moja kwa moja kwenye ombi ni utovu wa adabu

Kwetu hii ndiyo ngumu kuliko zote. "Shikamoo kaka." Inapita nusu saa. "Marahaba, hujambo?" Inapita nyingine. "Sijambo. Upo?" Uso kwa uso mambo haya huisha kwa dakika moja, na mtu asiyesalimu tunamwona hana malezi. Kwenye maandishi, kila mzunguko wa salamu unaweza kula siku nzima. Mwezi Januari, Dar inapofika saa 11 jioni na watu wanafunga kompyuta, Minneapolis ndiyo kwanza saa 2 asubuhi. Ukituma "upo?" wakati huo, "nipo" utaikuta kesho, na swali lenyewe litajibiwa keshokutwa.

Ukweli ni kwamba adabu haiko kwenye kusubiri. Salamu na ombi vinakaa vizuri kwenye ujumbe mmoja. Dada yetu wa Mombasa ndiye aliyenifundisha, kwa ujumbe kama huu:

"Shikamoo kaka, natumaini umeamka salama. Kitufe cha ukurasa wa malipo tumekiita Thibitisha, cha usajili tumekiita Hakikisha. Napendekeza Thibitisha kote, maana watumiaji wameshalizoea kwenye huduma za pesa kwa simu. Picha za kurasa zote mbili nimeambatisha. Nisipopata pingamizi hadi Alhamisi saa 6 mchana, saa za Dar, nitabadilisha na kuendelea."

Sikuwa na la kumuuliza. Shida ipo, pendekezo lipo na sababu yake, ushahidi upo, na mwisho wa kusubiri unajulikana. Ningekuwa nimelala au bando limekata, kazi isingekwama. Tangu siku hiyo sheria ya kwanza ya timu yetu ni kwamba ujumbe uwe na kila kitu ambacho mpokeaji angekuuliza. Kuuandika kunachukua dakika kumi badala ya moja, na wengi wanaponung'unika, hapo ndipo wananung'unikia.

Dhana: Kimya ni kukubali

Huenda ni kukubali. Huenda pia ni umeme umekatika, ujumbe umezikwa chini ya picha za harusi kwenye grupu la WhatsApp, au mdogo anaona mkubwa amekosea na anaona haya kumwambia mbele ya watu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniumiza. Nilipitisha tafsiri mbovu ya neno moja, wote wakanyamaza, na baada ya wiki tatu nikagundua kuwa wanne kati ya saba walijua ni mbovu.

Kimya kinafaa tu kikipewa maana mapema, kama alivyofanya dada yule. Jumuiya za programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, zina uzoefu mrefu wa hili. Apache Software Foundation, iliyoundwa mwaka 1999, ina wachangiaji waliotapakaa duniani, wengi wakijitolea baada ya kazi zao. Desturi yao ni kwamba pendekezo linawekwa kwenye barua pepe ya pamoja, na kura kwa kawaida hubaki wazi saa 72 zisipungue, ili hata aliyelala, aliye safarini au aliye kwenye sikukuu apate nafasi ya kusema. Wana msemo pia kwamba jambo lisilofika kwenye barua pepe hiyo halikutokea. Wawili wakikubaliana kwenye simu, wanarudi kuandika.

Nami nimeongeza langu: jambo likiwa nyeti, namwandikia kila mtu peke yake nikimwomba kasoro moja tu ya wazo langu. Nikiuliza "mnaonaje?" napata vidole gumba. Nikiomba kasoro, nazipata.

Dhana: Utaratibu huu ni wa polepole

Jibu moja moja huchelewa, kweli. Kazi kwa jumla ni habari nyingine. Linus Torvalds alitangaza mradi wake wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, tarehe 25 Agosti 1991 kwa ujumbe wa maandishi, na mpaka leo kiini cha mfumo huo hujengwa kwa kutumiana marekebisho kwa barua pepe. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, likiwa na mikono ya watu zaidi ya elfu moja. Hakuna chumba cha mikutano kinachotosha umati huo.

Wengine huvuka hadi upande wa pili na kuamini kwamba simu ni mwiko kabisa. Hapana. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ambayo watu wake hufanya kazi kutoka majumbani duniani kote, alifuta kwa bahati mbaya data kwenye seva isiyo yenyewe. Kati ya gigabaiti 300 hivi zikabaki 4.5. Hapo hawakungojeana hadi asubuhi. Waliingia kwenye mazungumzo ya moja kwa moja, tena wakayarusha hadharani kwa video. Lakini huku wakizungumza waliandika kila hatua kwenye waraka ambao mtu yeyote angeweza kuusoma. Moto ukiwaka, piga simu. Msiba, ugomvi kati ya watu wawili, kumkanya mtu: piga simu. Barua ya maandishi kwa mtu mwenye majonzi ni baridi mno.

Dhana: Asiyeonekana mtandaoni hafanyi kazi

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na majirani. Timu inayoishi kwa vikao vya video haikuwa na la kufanya. Inayoishi kwa maelezo kamili ya kazi, yaliyoshushwa kwenye kompyuta mapema, ingeweza kuendelea na kupandisha mafaili mtandao utakaporudi. Kiongozi anayehesabu taa ya kijani inayoonyesha nani yupo mtandaoni angesema watu wake walizembea. Mimi siku hizi naangalia kurasa zilizokamilika na makosa yaliyorudi kutoka kwa mhariri, taa siitazami.

Dhana: Saa ni saa

Laiti. Niliandika "tukutane saa 3" nikimaanisha asubuhi, kama mtu yeyote wa Dar angeelewa. Kijana wa Minneapolis, aliyezaliwa huko, akaitafsiri 3:00 ya simu yake. Sasa saa yoyote inayohusu timu nzima tunaiandika kwa tarakimu za saa 24 pamoja na jina la mji: 09:00 Dar. Kigali wako saa moja nyuma yetu, Muscat saa moja mbele. Marekani hubadili saa mwezi Machi na Novemba, kwa hiyo pengo la Dar na Minneapolis ni saa 9 majira ya baridi na 8 majira ya joto. Na Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Ukimpa mtu wa Muscat kazi Alhamisi jioni ukitegemea Ijumaa, umemharibia mapumziko au umejidanganya.

Dhana: Nikiandika "si haraka", watu wataelewa si haraka

Nilikuwa natuma mawazo yangu saa 5 usiku, yakiwa na maneno hayo mwishoni, nikijiona muungwana. Majibu yalikuja saa 5 na robo. Mke wa mfasiri mmoja ndiye aliyeniambia, kwa utani usio utani, kwamba nyumbani kwao jina langu linatajwa zaidi usiku kuliko mchana. Ujumbe wa mkubwa ukiingia, simu inalia, na mdogo anasoma jina la aliyetuma kabla ya kusoma "si haraka". Siku hizi bado naandika usiku, maana ndipo kichwa changu kinapotulia, lakini naupangia ujumbe utoke saa 2 asubuhi ya mji alipo mpokeaji.