Ndege "kuzomea" maana yake nini? Ile kelele ya mchana kwenye mwembe

Kama unakaa Tabora na uani una mwembe, na hapa mjini nani hana, hii kitu ushaisikia, saa saba mchana jua kali watu wamejilaza, ghafla huko juu kelele kama kuna msiba, shorewanda wamo, chozi wamo, mnana nao, kila mtu na lake. Bibi jirani yangu akisikia hivyo anasema hapo kuna mkono wa mtu. Siku moja nikatoka nikachungulia, kumbe bundi wa watu kajibana karibu na shina anatafuta usingizi.

Ndo kuzomea huko. Yaani ndege wadogo wakimwona anayewala wao au makinda yao, awe bundi, mwewe, nyoka hata paka, badala ya kukimbia wanamfuata wanamzunguka wanampigia makelele, wengine wanamshukia kwa nyuma na kumdonoa. Kwa sisi wa huku chukulia mwano wa sungusungu, ule ukemi wa walinzi wa kijiji wa kuitana, mmoja akipiga wote wanatoka, na ndege hawaangalii kabila, hao hao waliokuwa wanagombania papai asubuhi saivi wako upande mmoja.

Faida yake nini? Bundi na mwewe wanakula kwa kushtukiza, sasa mtaa mzima ukishajua yuko wapi hana windo tena hapo, bora ahame. Halafu wadogo wanajifunza adui ni nani kwa kuona wakubwa wanamzomea nani. Mwaka 1978 Eberhard Curio, mtafiti wa tabia za wanyama, na wenzake kule Ujerumani walitoa matokeo ya jaribio moja, ndege walipangiwa wamwone mwenzao kama vile anazomea chupa ya plastiki, na wao wakaanza kuiogopa na kuizomea. Chupa jamani!

Sikiliza na sauti. Ya kuzomea inakwaruza, inakatika katika, na unajua kabisa inatoka wapi maana shida yao wenzao waje. Ila mwewe akipita kwa kasi angani utasikia kasauti kembamba ka juu kisha kimya, hujui hata katoka tawi gani, na ndo makusudi.

Bingwa wao mramba, yule mweusi mkia umegawanyika kama wa samaki, anamkimbiza mwewe anayemzidi uzito zaidi ya mara kumi. (Tapeli pia huyo, kule jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, anaiga mlio wa hatari wa wanyama wengine wakikimbia anabeba chakula chao.)

Usichanganye na siku za kumbikumbi, mvua zikianza ndege nao wanajaa lakini kila mmoja yuko bize na tumbo lake, hamna anayemtazama mwenzie. Kwenye kuzomea wote wameelekeza midomo sehemu moja, fuata midomo utamwona mhusika. Na kelele ikiwa chini, kwenye kichaka au nyuma ya banda la kuku, usipeleke mkono kutafuta mayai kwanza, huyo anayezomewa anaweza kuwa nyoka.