Kabla Hujakata Madigadi, Jua Tairi Linagusa Wapi

Wateja wengi wanaoniletea gari linalosugua tairi hapa Arua, Uganda, huja wakiwa wameshaamua: "Fundi, kata hapo." Mimi naomba kwanza gari lipandishwe, gurudumu lifunguliwe, nilitazame tairi lenyewe. Tairi linalogusa bodi huacha alama, na alama hiyo ndiyo inayonipa kazi.

Alama ikiwa kwenye bega la nje, ukingo wa madigadi ndio unaolikata. Ikiwa ubavuni kwa ndani, tairi linagonga shokapu au mkono wa saspensheni, na hata uondoe madigadi yote hutapata nafuu. Ikiwa plastiki ya ndani ya madigadi imelambwa ikang'aa karibu na bampa au karibu na kizingiti cha mlango, tairi ni refu mno, na linagusa unapokata kona. Pasipoonekana kitu, napaka chaki ukingoni, napandisha gurudumu moja juu ya magogo ili liingie ndani ya madigadi, halafu nazungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Kwa matairi ya nyuma mwambie mwenye gari aje na mzigo wake wa kawaida. Gari linalobeba magunia ya muhogo halipimwi likiwa tupu.

Hapo ndipo mara nyingi springi hujitaja zenyewe. Napima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa umeshuka, springi imechoka au imevunjika, na kukata bati ni kumtibu mgonjwa mwingine.

Springi zikiwa nzima, tunarudi kwenye namba. Chukua Subaru Forester iliyokuwa na tairi la 215/60R16 (upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 16) ikavishwa 215/70R16 kwa ajili ya barabara za vumbi: kipenyo kimetoka milimita 664 hadi 707, yaani tairi limesogea juu kama milimita 21. Ukibadilisha na rimu, kutoka ET48 kwenda ET35 kwa upana uleule (ET ni milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaofungwa kwenye habu; ikipungua, gurudumu linatoka nje), tairi linatoka nje milimita 13 zaidi. Vitu viwili hivyo kwa pamoja vinatosha kulifikisha tairi kwenye ukingo kila gari likidumbukia shimoni. Wauza rimu hawakwambii habari za ET, na inaniudhi, kwa sababu namba hiyo huandikwa kwenye rimu yenyewe.

Kazi ninayoipenda ni kukunja ukingo. Kwa ndani ya madigadi kuna mdomo wa bati uliokunjwa, upana wa kidole hivi. Ukilazwa juu unapata kama sentimita moja, na mara nyingi hiyo inatosha. Nafungua skrubu za plastiki, nasafisha tope lote, nafunga rola, kifaa chenye mkono na gurudumu dogo la kukandamiza ukingo, kwenye habu kwa nati za gurudumu. Kisha napasha rangi kwa hewa ya moto hadi nyuzi 60 hivi, kiasi cha kiganja kushindwa kukaa. Rangi ya baridi hupasuka, na ufa mwembamba usiouona leo ndio utakaoingiza maji. Rola inakwenda mbele na nyuma polepole, kila mzunguko nakaza kidogo tu, na mkono wa pili unapapasa bati kwa nje. Likianza kufanya mawimbi, nasimama na kupasha tena. Wapo wanaobana bomba kati ya tairi na ukingo huku gari likisukumwa. Bati litakunjika, ndiyo, lakini huwezi kuchagua linakunjika wapi.

Kukata ni hatua ya mwisho, na mbele si sawa na nyuma. Madigadi ya mbele kwenye magari mengi madogo ni bati moja lililofungwa kwa bolti, ukiharibu unabadilisha. Ya nyuma ni sehemu ya bodi: bati la nje na la ndani vimeunganishwa pale pale ukingoni. Ukipitisha grainda hapo, mabati mawili yanaachana na unaona mwanya mweusi katikati. Lazima yachomelewe tena mzunguko mzima, yapakwe praima, yazibwe kwa silanti, yaani gundi ya kuziba mianya, ndipo rangi. Fundi anayekata na kupuliza rangi juu ya mwanya anakuachia tope likae ndani, na kutu itatokeza nje ya rangi kama malengelenge.

Kabla ya kukata popote, angalia nyuma ya bati na plastiki: nyaya za taa, chupa ya maji ya kuoshea kioo, bomba la breki na waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapofunga breki) viko jirani. Na tairi lililokuwa likisuguliwa likaguliwe ubavu wote kwa mwanga wa kutosha. Ubavu ni mwembamba na hauzibwi viraka. Ukiona nyuzi zimejitokeza, tairi hilo lisirudi barabarani, hata meno yake yawe mapya.