Chambo cha perege si cha kambale

Nusu saa imepita pale bwawa la Nyumba ya Mungu, boya halijatikisika, na mkono unakuwasha ubadili chambo. Usibadili. Wanaoanza wengi hubeba makopo manne ya chambo na hakuna hata kimoja wanachokijua vizuri.

Mimi humwanzisha mtu na nyungunyungu tu. Kwetu Moshi hawanunuliwi: chimba migombani penye samadi ya zamani, au kando ya mfereji. Waweke kwenye kopo lenye udongo wenye unyevu, toboa mfuniko, liache kivulini. Waliokufa na kulegea watupe, hawakai kwenye ndoana.

Perege ana mdomo mdogo. Ukimtegea nyungunyungu mzima, ataudonoa mkia unaoning'inia, boya litachezacheza, utavuta, ndoana itatoka tupu, na lawama utaitupia chambo. Kata kipande cha sentimita 2, kivishe kama soksi kwenye ndoana namba 10 (namba ikipanda, ndoana inapungua), ncha ibaki nje kidogo. Boya likidonwadonwa tulia. Likizama au likienda upande, inua fimbo kwa mkono mwepesi.

Nyungunyungu wakiadimika kiangazi, kanda ugali: unga wa mahindi nusu kikombe, wa ngano kijiko kimoja, maji ya moto kidogo kidogo hadi donge lisishike vidoleni. Tonge liwe kama punje ya mbaazi. Likiwa laini litadondoka ukirusha. Likiwa gumu kama jiwe, ncha haitapenya mdomoni.

Masika, mto Kikuletwa ukileta tope, macho hayamsaidii samaki, na hapo kambale ndiye mwenye bwawa. Ana sharubu nane na huzitumia kutafuta chakula gizani. Mpe utumbo wa kuku, ndoana namba 1 au 2, chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) ilaze chambo chini kabisa, tega jioni. Ukimtoa, usimshike ovyo: mapezi ya kifuani yana miiba.

Kama hakuna kinachogusa, fuata mpangilio huu. Kwanza kina: sogeza boya sentimita 30, ngoja dakika 20. Kisha mahali: hamia karibu na matete. Kisha ukubwa wa ndoana. Aina ya chambo iwe ya mwisho, na ugeuze kitu kimoja kwa wakati mmoja, maana ukigeuza viwili na samaki akala, hutajua kilichomleta.