Eko ya kifuani ni safi, homa haishuki: tunalitafutaje jipu la moyoni?

Jipu la kwapani kila mtu analijua: linavimba, linauma, linatoa kichwa. La moyoni halionyeshi lolote kwa nje. Mgonjwa ana homa za wiki nzima na jasho la usiku, ameshameza dozi mbili za malaria na moja ya taifodi, na bado anatetemeka.

Chanzo ni bakteria walioingia kwenye damu, pengine kupitia jino bovu au kidonda. Hupenda kujishikiza kwenye vali (mlango wa moyo unaoongoza damu) iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, au vali ya bandia. Wakiachwa, hutafuna mpaka nyama inayoizunguka vali, na usaha ukajaa humo.

Kipimo cha eko hupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hakina mionzi. Tunaanza kifuani, lakini hapo mbavu na hewa ya mapafu hutuzibia, na vali ya chuma hutupa kivuli. Katika utafiti wa wagonjwa 118 uliochapishwa mwaka 1991, eko ya kifuani iligundua asilimia 28 tu ya majipu. Eko ya kupitia umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, iligundua asilimia 87. Mashine za leo ni bora zaidi, ila pengo halijazibika.

Siri ni kwamba umio unapita nyuma ya moyo, umegusana nao. Mgonjwa hakai na chakula tumboni kwa saa 6, koo linapuliziwa ganzi, anapewa dawa ya kumtuliza, kisha anameza mrija wenye kamera ya sauti kwenye ncha. Haipendezi, sikatai.

Jipu changa huonekana kama ukuta ulionenepa tu kando ya vali, rahisi kulipita. Ndiyo maana, shaka ikibaki, tunarudia baada ya siku 5 hadi 7. Wakati huo ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hufanyika mara kwa mara, kwa kuwa njia ya umeme huo iko jirani na vali ya aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni: umeme ukianza kuchelewa, huenda usaha umeifikia.

Jipu likithibitika, mara nyingi antibayotiki pekee haitoshi. Picha hizo ndizo zinazomwambia daktari wa upasuaji, kabla hajafungua kifua, kama atabadilisha vali tu au atalazimika kujenga upya na shina la aota.