Je, wajua? Kwa nini uso wa gitaa hautengenezwi kwa mpingo

Kwa fundi seremala wa mtaani kwetu hapa Bagamoyo, kuna vipande vitatu vya mbao nilivyomwomba anitunzie: mpaina, mninga na mpingo, vyote urefu mmoja na unene mmoja. Kila anayekuja kwangu kujifunza gitaa kavu nampitisha pale kwanza. Unashika kipande kwa vidole viwili, karibu na robo ya urefu wake, unakining'iniza karibu na sikio, unagonga katikati. Mpaina unasema "to" na kunyamaza. Mninga unavuta kidogo. Mpingo unalia "tiiing" kama chuma, na mlio unabaki hewani.

Juzi kijana mmoja akaniuliza: "Sasa mwalimu, kama mpingo unalia hivi, kwa nini wasitengeneze gitaa zima kwa mpingo?"

Swali lake lilinifurahisha sana, kwa sababu jibu lake ndilo siri ya gitaa lenyewe. Uzi peke yake hauna sauti ya maana. Ufunge kati ya misumari miwili kwenye ukuta wa zege, uupige, utausikia wewe tu. Ni mwembamba mno kusukuma hewa. Kwenye gitaa, uzi hutikisa daraja, yaani kile kipande kilichogundishwa usoni kinachoshika nyuzi, daraja hutikisa ubao wa mbele, yaani uso, na uso ndio unaosukuma hewa hadi ikufikie. Sanduku na tundu lake huongeza sauti nene, kama unavyosikia ukipuliza mdomo wa chupa. Ilimba la Wagogo, ambalo hayati Hukwe Zawose alilipiga miaka mingi akiishi hapahapa Bagamoyo, nalo ni hivyohivyo: vyuma vinapigwa, sanduku la mbao linaimba.

Basi uso unatakiwa uwe mwepesi ili mtikisiko mdogo wa uzi uweze kuuchezesha. Lakini uwe mgumu pia, maana nyuzi sita za chuma huvuta kwa pamoja kwa nguvu ya takriban kilo 70, zaidi ya mfuko wa saruji, na ubao wenyewe una unene wa milimita 3 hivi. Mti unaoweza yote mawili ni sprusi, ndugu wa msonobari anayekua kwenye nchi za baridi. Mita moja ya ujazo ya sprusi ina kilo 400 na kitu. Mpingo una zaidi ya 1,200, ndiyo maana ukiutupa majini unazama. Uso wa mpingo ungekuwa mzito mno kwa uzi kuutikisa. Heshima ya mpingo iko kwenye clarineti na zumari za Ulaya, ambako kinachotikisika ni hewa iliyo ndani ya bomba.

Sprusi hutoa sauti angavu, na hata ukiupiga kwa nguvu hauvurugiki. Seda, mti mwingine wa kutengenezea uso, ni laini zaidi: ukigusa kidogo tu umeshaitika, unawafaa wanaopiga kwa vidole. Uso wa mahogani, wa jamii moja na mkangazi wetu, una sauti kavu, fupi, yenye joto. Mimi huo ndio ninaoupenda kwa kuimbia.

Na mgongo na mbavu? Hapo wauzaji hutia chumvi sana. Rozwudi ya Brazili, ambayo ni ukoo mmoja na mpingo, ilisifiwa na kukatwa mpaka biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku mwaka 1992. Lakini huko Hispania, mwaka 1862, fundi Antonio de Torres alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu na uso wa sprusi, kuonyesha kwamba uso ndio wenye kazi. Na mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio la magitaa sita yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu. Wapigaji 52 waliyajaribu kwenye mwanga hafifu, wamevaa miwani ya wachomeleaji wasione mbao. Alama walizoyapa zilikaribiana sana.

Kwa hiyo ukienda kununua, angalia uso. Mulika ukingo wa tundu. Mistari ya mti ikishuka kutoka juu hadi ndani bila kukatika, huo ni ubao mmoja. Ukiona matabaka kama chapati, ni plaiwudi: tabaka zimepishanishwa na kugandishwa kwa gundi, hazichezi kwa uhuru. Ila plaiwudi huvumilia unyevu wa bahari yetu, wakati ubao mmoja huvimba tumbo na nyuzi zikapanda juu. Wenye nao wautunze ndani ya kasha.

Kijana alitoa simu, akawasha tochi, akainamia gitaa lake. Matabaka matatu. Akaniangalia kwa huzuni. Nikamwambia abadili nyuzi kwanza, zile zilikuwa na kutu, ndipo tulisikilize.